Unga wa Mawe kwenye Bustani ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipewa msimu mmoja. Maneno hayo yalisemwa barazani kwake mwenyewe, siku ya pili baada ya Krismasi, watoto na wajukuu wakiwa wamepanda mlimani kama ilivyo desturi yetu Wapare. Aliyeyasema ni mwanawe mkubwa, shemeji yangu wa Kisiwani, kijiji cha tambarare chini ya milima yetu.

"Mama," alisema, "vuli hii umevuna maharage ya kujaza kofia. Masika iliyopita vivyo hivyo. Masika inayokuja bustani ikikulisha, mimi sitafungua mdomo tena. Isipokulisha, unashuka kwangu. Chumba kipo, kitanda kipo."

Mama mkwe alikuwa anachambua kunde kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Kofia ya nani?" aliuliza. "Maana ya baba yako ilikuwa kubwa."

Watu wakacheka, na shemeji naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na mama mkwe, nikaona mkono wake umesimama juu ya zile kunde.

Ni haki niseme mapema kwamba shemeji hakuwa mtu mbaya. Alishuka Kisiwani wakati ule watu walipohimizwa kuhamia vijiji vya ujamaa, akapata eneo zuri, akafuga, akawa mzee wa kanisa. Alikuwa anaogopa kitu kimoja, nami nilikuwa nakiogopa pia: kwamba mama atakaa peke yake kule juu akila kidogo kidogo, bila kusema, mpaka siku moja tumkute chini. Nyumba yangu ilikuwa hatua thelathini kutoka kwake, mume wangu akifanya kazi Same mjini na kuja mwisho wa mwezi. Nikimpelekea chakula alikuwa anapokea kwa shukrani nyingi, halafu kesho yake analeta kitu cha thamani ileile: ndizi, kuni, yai. "Chakula cha mkwe nitakula nikiwa mgonjwa," alikuwa anasema. "Sasa hivi naumwa magoti tu."

Kushuka Kisiwani hakutaka. Hakuwahi kusema sababu yake moja kwa moja. Alisema kule ni joto, alisema kuna mbu, alisema ng'ombe wanapita mlangoni. Siku moja tu, tukiwa tunapalilia, alisema, "Kule nitakuwa mgeni wa mtoto wangu." Basi. Nililiandika neno hilo katika daftari langu jioni ile, na ndiyo maana nalikumbuka.

Kuhusu daftari, nilisoma mpaka darasa la nne tu. Baadaye kampeni ya kisomo ilipoingia nikachaguliwa kufundisha wenzangu herufi, alasiri mara tatu kwa wiki, na hapo nikashika tabia ya kuandika yaliyotokea. Sijui kuandika vizuri. Niliogopa tu kuwa nitakumbuka mambo kwa namna inayonipendeza mimi.

Kwa sababu ya hicho kisomo, mwezi wa pili nikaitwa Same kwenye semina ya kilimo ya siku mbili. Bwana shamba aliyetufundisha alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kusema kila kitu mara mbili. Siku ya pili alifungua gunia akatuonyesha unga wa rangi ya kijivu, laini kama wa muhogo. Akasema ni mawe ya fosfeti yaliyosagwa, yametoka upande wa Ziwa Manyara, mahali ambapo zamani sana palikuwa na ndege wengi kando ya maji. Vinyesi vyao na mifupa ya samaki waliokuwa wakiwala vimekaa chini vikageuka mawe. Fosfeti ndiyo chakula cha mizizi, alisema, na ndiyo inayopungua kwenye udongo wetu mwekundu wa milimani. Mahindi yenye majani ya zambarau yanalilia hiyo. Mbolea ya kiwandani ilikuwa haionekani madukani miaka ile, kama sabuni, kama sukari, kwa hiyo tulisikiliza kwelikweli.

"Huu unga hauna haraka," alisema. "Hauna haraka. Unataka udongo mchachu, ule unaoota kangaga. Unataka samadi. Na unataka uvumilivu."

Niliandika: *udongo mchachu, samadi, uvumilivu.* Nimeuangalia ukurasa huo mara nyingi. Maneno yote yapo, tena yameandikwa sawasawa. Kosa lilikuwa kichwani. Mimi nilidhani uchachu ni ugonjwa wa udongo na unga ndiyo dawa yake. Sikuuliza. Mwenzangu mmoja kutoka Usangi aliuliza maswali matatu, nikamwona anajionyesha.

Kila mshiriki alipewa nusu gunia ili akajaribu, arudishe majibu. Nikapanda lori la kwenda milimani kupitia Kisiwani. Mvua ya mapema ilikuwa imeharibu njia ya juu, dereva akakataa kupanda, nikalala kwa shemeji. Asubuhi shemeji aliutazama ule unga, akauchota, akaunusa.

"Shemeji, huu ni wako au ni wa familia?"

"Wamenipa nikajaribu."

"Basi tujaribu wote. Na mimi nina bustani."

Nikaona ana haki. Kama nilitaka kujua unga unafaa, kwa nini ufae kwetu tu? Isitoshe, moyoni nilijiambia kwamba nikimnyima, siku ya kumhukumu mama atasema tulipendelea upande mmoja. Nikachukua kopo, nikagawa: kopo lako, kopo letu, kopo lako, kopo letu, nikisawazisha juu kwa kipande cha ubao. La mwisho halikujaa, nikaligawa kwa kijiko. Mke wa shemeji alinitazama mpaka mwisho, akasema, "Wewe ungekuwa Yuda, vipande vile thelathini ungewagawia wenzako kumi na mmoja." Sikujua kama ni sifa.

Nilipofika juu na mzigo wangu kichwani, habari ilikuwa imeshatangulia kwamba mwalimu wa kisomo ameshusha gunia la unga. Kosa lilikuwa la gunia lenyewe: lilikuwa la unga wa msaada, lina maandishi makubwa. Miaka ile unga ulikuwa wa foleni, na wenye kuupata bila foleni walikuwa wanaitwa majina mabaya. Kabla sijanawa uso, jirani mmoja alifika na bakuli chini ya khanga.

"Dada, tukumbuke na sisi. Hata wa uji."

"Si wa kula, ni mbolea."

"Haya, haya. Mbolea ya tumbo."

Nyuma yake akaja balozi wetu wa nyumba kumi, mzee mwenye heshima zake, na uso wa kazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndugu mwalimu, nasikia umeleta gunia."

"Nimeleta, mzee. Ni mawe yaliyosagwa."

"Mawe." Aliligeukia lile bakuli la jirani. "Na huyu amekuja kukopa mawe?"

Akatia kidole ndani ya gunia, akalamba kabla sijamzuia. Akakunja uso. "Hauna hata chumvi."

"Ni vinyesi vya ndege wa zamani, mzee, vimekuwa mawe."

Balozi alitema mate kutoka barazani kwangu mpaka kwenye njia ya mferejini, na jirani alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima walimwita Mzee Ndege. Mwenyewe alicheka kwa siku mbili za kwanza tu.

Mama mkwe hakucheka. Alikuja jioni, akasimama mbali na lile gunia kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemjua.

"Hiki ndicho kitakachonibakiza hapa?"

"Sijui, mama. Wanasema kinasaidia."

"Udongo wangu haujazoea vitu vya kuletwa na lori." Akafikiri. "Mgeni hupitishwa jikoni kwanza, akajua harufu ya nyumba."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na ni langu, si lake. Kwetu kila nyumba inaweka jivu la mafigani. Lake lilikuwa kwenye chungu kilichovunjika mdomo, nyuma ya jiko, na kila alichopanda alikiwekea jivu: kwa wadudu, kwa baraka, kwa mazoea tu. Nikamwambia tuuchanganye unga na jivu lake. Jivu si linatibu uchachu? Na unga, nilivyoelewa mimi, unatibu uchachu. Dawa mbili kwa ugonjwa mmoja. Uso wake ukafunguka. Alikubali unga kwa sababu ya jivu, na mimi nilijiona nina akili sana siku ile.

Tulipanda mwanzo wa mvua. Bustani yake ilikuwa na mistari mitano mirefu ya maharage, na mahindi machache kati yake, ikiishia kwenye migomba. Nilichanganya kwenye karai, yeye akafuata akinyunyiza mashimoni na samadi ya mbuzi. Nusu ya unga nikaibakiza kwa msimu mwingine. Tulipofika mstari wa tano chungu kilikuwa kitupu. Nikaandika: *mstari wa mwisho, jivu limekwisha, unga peke yake.* Mama mkwe alisema mstari ule niuache, ataumalizia mwenyewe, nikarudi nyumbani kupika.

Sikujua alimalizia na nini. Nilijua, kama wote tulivyojua, kwamba wiki ile kulikuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kutoa tope kwenye ndiva, bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji. Nilijua pia kwamba watu wa msaragambo hawafanyi kazi na koo kavu. Lakini mama mkwe alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa usharika, kwa hiyo yale ya dengelua, ile pombe yetu ya miwa, sikuyahusisha naye.

Mvua zilinyesha vizuri. Sitaki kuilaumu mvua. Maharage yaliota, yakafika urefu wa viganja viwili, yakakaa hapohapo. Majani yakawa madogo, ya kijani cha kuiva mno. Mahindi yakageuka zambarau kuanzia ncha. Kila asubuhi nikienda kuchota maji nilipita kwa nje ya ua nikijifanya natazama njia. Mama mkwe alikuwa anapalilia mistari ile minne kama kawaida, mgongo umeinama, polepole, wala hakunilaumu. Ningependa angenilaumu. Mara moja tu alisema, "Nimeanza kukunja nguo zile nzito. Kule chini hazina kazi." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Mstari wa tano, ule wa kando ya migomba, ulikuwa umepanda juu ya vijiti na maua yamejaa.

Bwana shamba alikuja mwezi wa tano akikusanya majibu yake, kwa miguu kutoka lori lilipomwacha. Alitembea bustani yote mara mbili, mimi na mama mkwe tukimfuata, kama alivyokuwa anasema kila kitu mara mbili. Akachuchumaa, akang'oa shina moja, akalitazama mizizi.

"Mliweka unga?"

"Tuliweka."

"Na nini?"

"Na samadi. Na jivu."

"Jivu?" Aliinua macho. "Jivu kiasi gani?"

"La chungu kizima."

Alikaa chini kabisa, pale kwenye udongo, na suruali yake ya kazi. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mama, jikoni ukiwa na kitu kichachu mno, ukakitia magadi, kinakuwaje?"

"Uchachu unaondoka."

"Unaondoka. Na haya ni mawe. Kinachoyayeyusha mawe haya ardhini ni nini?"

Nilikuwa nimeelewa kabla hajamaliza. Uchachu ndio uliokuwa meno ya udongo, na mimi nilikuwa nimeung'oa meno kisha nikauwekea mfupa. Jambo la magadi nilikuwa nalijua tangu nikiwa msichana. Nililijua jikoni. Sikujua kwamba linatoka nje ya mlango.

"Unga haujapotea," bwana shamba alisema. "Upo, umelala. Jivu litaisha nguvu. Lakini msimu huu…" Akaelekeza kidole migombani. "Na ule?"

"Ule haukupata jivu," nikasema.

Akaenda, akachota udongo, akanusa. Akanusa tena. Akamtazama mama mkwe, na mama mkwe akawatazama kuku.

Siku shemeji alipotuma habari kwamba anapanda Jumamosi kuja kuona mavuno, nilifanya jambo ambalo sikuliandika kwenye daftari, na ninaliandika sasa. Bustani yangu ilikuwa imetoa maharage ya wastani. Nilijaza kikapu, nikakifunika kwa jani la mgomba, nikapita mlango wa nyuma wa mama mkwe, nikamkuta ameketi mbele ya rundo lake dogo lililoanikwa juu ya mkeka. Nikaanza kumimina.

"Hayo ya nani?"

"Yako, mama."

"Yangu nayajua kwa majina." Aliokota moja, akalishika kwenye mwanga. "Hili ni la kwako. Lina tumbo."

"Mama, Jumamosi anakuja."

"Najua anakuja. Nilimzaa." Akanirudishia kikapu. "Nikibaki hapa kwa maharage yako, nitakuwa nimehamia kwako. Tofauti na Kisiwani ni kilima tu."

Nikarudi na kikapu changu. Nasema kweli, nilikasirika. Niliona ananinyima nafasi ya kulipa kosa. Baadaye nikaona kwamba hiyo ndiyo sababu hasa niliyotaka kumwaga yale maharage, na haikuwa yeye.

Jumamosi shemeji alikuja. Alisalimia, akanywa maji, akazunguka bustani akiwa ameshika mikono nyuma. Kwenye mkeka palikuwa na maharage yasiyojaza debe moja, na zaidi ya nusu yake yalitoka kwenye ule mstari mmoja. Alikaa. Nikaona haikumfurahisha, naye anastahili niliandike hilo.

"Mama, tulikubaliana."

"Tulikubaliana," mama mkwe akasema.

Nikasimama. Nilikuwa na daftari mkononi. "Shemeji, msimu uliompa mama nimeuharibu mimi." Nikamsomea yote: semina, udongo mchachu, nilivyoelewa vibaya, jivu la chungu kizima, maneno ya bwana shamba kuhusu magadi. Nilisoma vibaya, narudia mistari. Mama mkwe alijaribu kunikatiza nikaendelea. "Kama unapima bustani yake, hukuipima. Umepima jivu langu."

Shemeji akapata pa kushika. "Na kwangu je? Mimi sikuweka jivu. Unga wako haujaotesha hata nyasi. Nilimwambia mke wangu, shemeji ametupa fungu bovu."

"Fungu ni lilelile. Niligawa kwa kopo, mkeo aliona."

"Aliona."

"Bwana shamba anasema udongo wa kule chini hauna uchachu tangu mwanzo, una chumvichumvi. Unga haukubali. Nilipaswa kulijua hilo kabla ya kukugawia. Nilikupa haki yako ya kitu kisichokufaa."

Hapo akacheka kidogo, bila kupenda. Halafu akanyoosha kidevu kuelekea migombani. "Na ule mstari? Usiniambie ni kukosa jivu tu. Samadi ni ileile, unga ni uleule."

"Sijui," nikasema. Na kweli sikujua. "Daftari linasema jivu lilikwisha. Zaidi ya hapo sijui."

"Ni machicha," akasema mama mkwe.

"Machicha ya nini?"

"Ya dengelua."

Kuku mmoja alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza.

"Mama. Ulipika dengelua?"

"Zamu ilikuwa yangu. Ulidhani wanaume wanatoa tope kwenye ndiva kwa chai? Machicha yalikuwa mengi, machachu, yananuka, na mwinjilisti anapita njia hii kila Jumatano. Nikayafukia kule nyuma ya migomba, ndani ya mstari, pamoja na unga wake."

"Mwenyekiti wa kina mama," shemeji alisema, kama anasoma kaburi.

"Na wewe mzee wa kanisa. Mwaka ule wa harusi ya binamu yako mtungi uliunyanyua kwa meno, watu wakashangilia. Nimewahi kukusema?"

Shemeji alifunika macho kwa kiganja. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kwa muda sikujua kama analia. Alipoondoa mkono alikuwa anacheka, lakini macho yalikuwa mekundu. Akainuka akaenda mpaka ule mstari, akachuchumaa kama bwana shamba, akachimba kwa vidole. Alikaa kule muda mrefu. Kisha akarudi.

"Vuli moja," alisema. "Si kwa sababu ya pombe. Kwa sababu ya jivu. Vuli moja, mama, halafu hakuna daftari wala mtu wa kusoma."

Mwezi wa tisa akapanda tena, na begani amebeba kifurushi. Ulikuwa ule unga wake, aliobakiza. "Kule kwangu umekaa tu," alisema, akautua barazani, akaomba maji. Aliubeba mwenyewe, kwa miguu, kutoka njia ya lori, na umri wake haukuwa mdogo.

Tulichimba shimo kando ya bustani, tukaanza kulijaza: samadi ya mbuzi, majani, machicha kutoka nyumba zilizokuwa na zamu, na unga ukinyunyizwa katikati kama chumvi kwenye nyama. Balozi, yule aliyelamba unga, alileta machicha yake kwa karai na kusema ni kwa ajili ya ndege. Shimo lilichemka na kunuka. Mwinjilisti alipita Jumatano akasimama, akauliza ni nini. Mama mkwe akajibu ni kilimo cha kisasa. Mwinjilisti akatazama mbingu, akaendelea na safari yake.

Chungu cha jivu tulikihamishia kwenye migomba.

Nilipendekeza jambo moja. Mstari mmoja tuupe machicha bila unga, tujue kipi ndicho kinachofanya kazi. Mawe au machicha? Ningemwandikia bwana shamba jibu la kweli. Mama mkwe aliniangalia kama mtoto aliyeomba kuchezea moto.

"Na huo mstari wa kujua, usipozaa, njaa yake atakula nani?"

Mistari yote mitano ikapata vyote. Kwa hiyo mpaka leo siwezi kusema ni nini kilichotokea katika bustani ile. Huenda ni mawe. Huenda machicha peke yake yangetosha. Huenda jivu liliisha nguvu, kama bwana shamba alivyosema, unga wa kwanza ukaamka. Mvua ya vuli ile nayo ilinyesha kwa kupumzika, ikiacha jua katikati, na maharage hupenda hivyo. Nilimwandikia bwana shamba hayo yote, kurasa mbili. Alinijibu kwa mstari mmoja: asante, haya ndiyo majibu ya watu wote.

Ila mizizi niliiona. Tulipokuwa tunang'oa, mama mkwe alikuwa anageuza kila shina na kutazama chini kabla ya kutazama maganda, na mizizi ilikuwa na vifundo vingi, mirefu, imeshika udongo kwa nguvu. Mashina ya masika yalikuwa yanatoka kama nywele kwenye kichana.

Shemeji alikuja mwishoni mwa Januari. Mama mkwe alikuwa amepika makande ya mahindi yake na maharage yake, chungu kikubwa. Alimpakulia, akakaa pembeni kwenye kigoda, akiwa na ungo mapajani. Shemeji alikula. Akaongezwa, akala. Alizungumza kuhusu barabara, kuhusu ndama aliyezaliwa na mguu mmoja mweupe, kuhusu foleni ya sabuni Same. Kitanda cha Kisiwani hakukitaja. Mimi nilikuwa nasubiri akitaje, nimeshika bakuli langu bila kula, na mama mkwe akanigusa kwa goti: kula.

Alipotaka kuondoka alisimama mbele ya mkeka. Ulikuwa umejaa mpaka pembeni.

"Nipe ya mbegu, mama."

"Kule hayatakubali."

"Nitajaribu machicha."

"Mzee wa kanisa?"

"Ya jirani," shemeji akasema.

Mama mkwe akampimia mabakuli mawili, akayafunga kwenye kitambaa, akakaza fundo kwa meno. Shemeji akamshika mikono yote miwili, akaishika kwa muda, akashuka. Mama mkwe hakusimama kumtazama mpaka akazama kwenye kona. Alikuwa ameshachuchumaa kwenye mkeka, anageuza maharage yapate jua upande wa pili.

"Kesho njoo mapema," aliniambia. "Kuna mistari miwili bado ya kung'oa, na nataka udongo upumzike kabla ya masika."